Hospitali Tuliyoiimbia

Kwenye ukumbi wa kuingilia wa hospitali nilikomzaa mtoto wangu wa nne, kushoto kwa meza ya mapokezi, kuna picha kubwa ya wanawake waliovaa vitenge vya sare. Wa pili kutoka kulia ni mimi. Nimeinua mikono, nimefungua mdomo mpaka magego yanaonekana, naimba. Watu wanaonijua wakiiona husema nimependeza. Mimi nikiiona natamani niibandue kwa kucha.

Mimi ni Mchaga wa Rombo, Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yangu. Nilizaliwa hospitali ya misheni, na kwetu ukisema "hospitali ya masista" umeshasifia, huna haja ya kuongeza neno. Maana yake shuka ni safi, dawa zipo, nesi hakutukani ukipiga kelele za uchungu, na mgonjwa haambiwi aje na glovu zake. Hata Waislamu wa Himo na Wamasai wa nyanda za chini walikuwa wakipita hospitali mbili tatu njiani ili walazwe kwa masista. Kwa hiyo habari zilipotufikia huku Marekani, Langley Park, nje kidogo ya D.C., kwamba hospitali yetu ya jirani, ambayo haikuwa na dini wala dhehebu, inaungana na kampuni ya hospitali za Kikatoliki, sisi hatukuuliza kitu. Tulishangilia.

Ninaposema sisi, nasema kikundi chetu cha akina mama. Kuna Watanzania, Wakenya na Wakongomani, Waislamu kwa Wakristo, na tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye fleti ya yule ambaye zamu ni yake. Tunazikana, tunaozeshana, tunapelekeana chakula mtu akijifungua. Mwenyekiti wetu ni mama wa Kikenya ambaye akikohoa tu chumba kizima kinanyamaza. Ni yeye aliyemkaribisha kwenye kikao dada mmoja Mmarekani kutoka hospitali, ambaye kazi yake ilikuwa mahusiano ya jamii. Alikuja na tabasamu na sinia la keki, akakaa chini kwenye mkeka bila kuringa, tukampenda palepale. Alituambia kwamba kabla serikali haijaruhusu muungano, kutakuwa na mkutano wa hadhara hapo jirani, Bladensburg, wa kusikiliza maoni ya wananchi, na angefurahi sana kama tungehudhuria.

Hapa ndipo ulipo ujinga wetu, na ni ujinga wa kwetu hasa, sijauona kwa watu wengine. Yule dada alisema maoni. Sisi tulisikia mgeni rasmi.

Aliyekulia kwetu anajua. Mkubwa akija kufungua zahanati, humuulizi zahanati ina dawa au haina. Unampokea. Kwaya inaanzia barabarani, watoto wa shule wanasimamishwa juani tangu asubuhi na majani mkononi, halafu inasomwa risala inayoanza kwa shukrani na kumalizika kwa shukrani, na ombi limefichwa katikati kwa aibu. Mgeni anaahidi, watu wanapiga makofi, zawadi inatolewa, pilau linaliwa. Anayesimama kuuliza swali gumu ameaibisha kijiji kizima na atasemwa mpaka mavuno. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla sijavuka bahari, nimewafundisha mamia ya watoto kusimama juani hivyo. Mwenyekiti aliposema tunahitaji wimbo, macho yote yakanigeukia mimi.

Nikautunga. Kiitikio kilikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na beti zilisifu masista, madaktari na mashine mpya ambazo hatukuwa tumeziona. Tulifanya mazoezi kwenye sebule yangu mpaka jirani wa chini, mama wa Kisalvador, akawa anagonga dari lake kwa ufagio. Tukanunua kitenge jora zima, rangi ya bluu kwa heshima ya Bikira Maria, na Waislamu wetu wakakivaa bila neno. Kiondo cha zawadi kilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe.

Siku ya mkutano tuliwakuta watu wa serikali wamekaa mbele kwenye meza ndefu, chupa za maji mbele yao, nyuso zimechoka. Palikuwa na maikrofoni na saa ndogo ya taa, kila msemaji ana dakika zake chache, taa nyekundu ikiwaka anakaa. Kabla yetu alisimama bibi mmoja wa Kizungu mwenye mkongojo. Alisema alikuwa nesi mpaka alipostaafu. Hakusalimia wala hakushukuru, alikwenda moja kwa moja. Aliuliza: mwanamke anayetaka kufungwa kizazi akishajifungua, mtu anayetaka dawa za kuzuia mimba, mgonjwa wa kufa aliyesema hataki mashine, baada ya muungano neno la nani litafuatwa, lao au la maaskofu? Akasema jibu liandikwe ndani ya kibali chenyewe, kabla ya kutiwa saini, ili baadaye mtu asije akaligeuza.

Kiingereza chake nilikielewa chote. Nilimwinamia mama wa Kikongo aliyekaa karibu nami, rafiki yangu, nikamwambia huyu bibi hana adabu.

Bwana mmoja wa hospitali akasimama, akasema kwa sauti nzuri kwamba huduma za akina mama zitaendelea na hata zitaongezwa. Bibi akasema hilo silo alilouliza. Taa nyekundu ikawaka. Tukaitwa sisi.

Tuliimba dakika zetu zote tukazimaliza. Taa ikawa nyekundu na mwenye kusimamia saa akacheka, akatupungia mkono tuendelee. Tulizunguka ukumbi kwa mduara, tukawanyanyua watu wa serikali vitini, mmoja akajaribu kukata kiuno. Mwenyekiti akasoma risala, kiondo kikatolewa, kamera zikawaka. Baada ya watu wengi waliokuja kulalamika, sisi ndio tulioutia sukari mkutano ule, na waliondoka na utamu wetu midomoni. Yule bibi alikuwa amekaa, mikono miwili juu ya mkongojo, ananitazama. Nilidhani ananidharau. Leo nadhani alikuwa amechoka tu.

Kibali kilitolewa. Msalaba ukawekwa juu ya mlango wa hospitali, na mara ya kwanza nilipopita chini yake nilifanya ishara ya msalaba kwa raha kabisa. Wakati huo nilikuwa na mimba.

Niseme sasa jambo lililonipeleka hospitalini, maana ndilo lenyewe. Watoto wangu watatu wa kwanza wote nimewazaa kwa kisu. Kwa yule wa tatu, daktari wangu aliniambia waziwazi kwamba mfuko wa uzazi umechoka. Akasema kama nitabeba tena, iwe mara ya mwisho, na atakaponipasua kumtoa mtoto atafunga mirija papo hapo, kwa mpasuo uleule, jambo la dakika chache. Nikibeba nyingine baada ya hapo, mfuko unaweza kupasuka nikiwa nimesimama jikoni, nikatokwa damu nikafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Mimba ya nne ilikuja bila kualikwa. Mimi na mume wangu tulikaa mezani tukakubaliana: tutampokea huyu, kisha nafunga. Nilitaka kuwalea wanangu nikiwa hai, basi, sikuwa na falsafa nyingine.

Kuna watakaosema Mkatoliki gani huyu. Mafundisho nayajua, nimeyafundisha kwenye katekisimu. Lakini hata hospitali ya masista nilikozaliwa haikufunga kizazi, na hawakumficha mtu. Mama yangu alipomzaa mdogo wetu wa mwisho akiwa nusu mfu, sista mwenyewe alimkalia kitandani akamwambia, "Sisi hapa hatufanyi hivyo, mama. Ukipona nenda hospitali ya mkoa, wao watakufunga. Dhambi utaongea na Mungu, lakini watoto wako wanahitaji mama." Mama alikwenda. Ameishi mpaka kunisindikiza uwanja wa ndege. Ndiyo maana sikuogopa ule msalaba mlangoni. Nilidhani chini yake kuna sista yule.

Daktari wangu ni Mmarekani mweusi, mama wa makamo, aliyejifunza Kiswahili chuoni kisha akakaa Iringa mwaka mzima. Kiswahili chake ni cha kitabuni, kimepigwa pasi. Kila nikiingia huniuliza, "U hali gani, mama?" kama vile hakuna foleni nje. Nilikuwa namtania kwamba anaongea kama taarifa ya habari, naye anacheka. Baada ya muungano utani ulianza kupungua. Nikiuliza juu ya kufunga, anasema tutazungumza. Siku nyingine anaangalia kompyuta.

Mimba ilikuwa imeshanilemea nilipoingia siku moja nikamkuta na binti amekaa pembeni, anaandika kwenye kompyuta kila linalosemwa. Daktari akazungumza kwa Kiingereza juu ya sukari na presha. Kisha akatoa tepu ya kupimia tumbo, akainama juu yangu, na bila kubadilisha sauti akaanza Kiswahili.

"Mama, tafadhali usinitazame usoni. Hapa siruhusiwi tena kukufunga kizazi. Wala siruhusiwi kukuelekeza pengine. Kwa hiyo sikuelekezi, ninakusimulia tu. Kule D.C., katika hospitali ya chuo kikuu, wanawake hufungwa kila siku, wala hawaulizwi dini yao. Usichelewe."

Nikamwambia nimesikia. Yule binti akainua uso, akauliza kwa tabasamu lugha gani nzuri hiyo. Daktari akamjibu kwamba alikuwa ananiuliza mtoto anachezaje.

Nilishuka na lifti nikicheka peke yangu, na nilipofika kituo cha basi nilikuwa nalia. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Nimeambiwa tangu nifike nchi hii kwamba hapa mtu husema anachofikiri. Na huyu daktari, mwenye vyeti ukuta mzima, ananinong'oneza kwa lugha ya bibi yangu kama tunauziana gongo kwa kificho. Alikuwa amesubiri miezi kuniambia, labda alitumaini sheria italegezwa, labda aliogopa kufukuzwa. Simlaumu sana. Lakini miezi ile ilikuwa yangu, si yake.

Nikaanza kupiga simu. Kuhama hospitali ukiwa na tumbo kubwa ni kazi ya mtu asiye na tumbo. D.C. walitaka faili langu, hospitali ikasema faili liko njiani, D.C. wakasema halijafika, bima ikasema kwa nini unahama wakati daktari wako yupo na anakubalika. Mwanamke wa bima aliniuliza kama sijaridhika na huduma. Nikamwambia nimeridhika na huduma, tatizo ni kwamba haipo. Mwishowe D.C. walinipokea. Daktari wa kule, kijana wa Kihindi mwenye haraka, alisoma faili, akasema bila shida, tutafunga, akanipa tarehe wiki moja kabla ya siku zangu. Nilirudi nyumbani nikapika kisusio, supu yetu ya Wachaga ya nyama na damu, mume wangu akala mpaka akalegeza mkanda.

Mtoto hakujua tarehe. Uchungu ulinianza mchana nikiwa kazini, katika chekechea ninakofundisha palepale Langley Park, watoto wamelazwa kwenye magodoro yao. Haukuwa uchungu wa kawaida, ulikuwa kwenye kovu. Mwenzangu akapiga simu, gari la wagonjwa likaja, nikamwambia yule bwana aliyenipandisha anipeleke D.C., wananisubiri. Akanishika tumbo, akauliza nimepasuliwa mara ngapi. Nikamwambia. Akamgeukia dereva akasema hospitali ya karibu. Nikasema tena D.C. Akanijibu kwa upole kwamba barabara yote imechimbwa kwa ajili ya reli mpya inayojengwa, tutakaa kwenye foleni, na yeye hatakaa kwenye foleni na tumbo kama hili. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma. Siku ile kila mtu aliyenikatalia alikuwa mpole.

Kutoka mapokezi ya dharura kwenda wodi ya uzazi, kitanda hupitishwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Nilikuwa nimelala chali, nikaona picha. Sikuwa najua wameitundika. Niliona vitenge vya bluu, nikaona mdomo wangu.

Kwenye chumba cha upasuaji walinichoma ganzi ya mgongoni, nikawa macho, pazia kifuani. Nesi akaniuliza ningependa kusikiliza muziki gani, maana ni haki ya mama kuchagua. Nikamwambia sitaki muziki. Daktari wangu hakuwa zamu. Aliyenipasua alikuwa kijana, mwenye sauti ya kubembeleza, na alikuwa hodari, sitamnyang'anya hilo. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba mfuko umekonda mno, anaona nywele za mtoto kwa nje. Muda mfupi baadaye mwanangu akalia. Mtoto wa kike, mzima. Nilimshukuru Mungu, na ninamshukuru.

Kisha sauti ya yule daktari ikanijia kutoka nyuma ya pazia, mikono yake bado iko ndani yangu.

"Mama, nataka unielewe. Usibebe mimba nyingine. Itakuua."

"Nimekuelewa," nikasema. "Basi nifunge."

"Siwezi."

"Uko hapohapo. Mikono yako iko hapohapo."

Nilisikia vyuma vinawekwa kwenye sinia. Akasema anasikitika sana, hospitali hii hairuhusu, akifanya atapoteza kazi, naye ana mkopo wa masomo na familia. Akasema ninaweza kuitafuta huduma hiyo kwingine nikishapona, ni haki yangu kabisa. Halafu akaanza kunishona. Alinishona vizuri, kwa uangalifu, akafunga kila kitu isipokuwa kile nilichomwomba.

Mume wangu alifika jioni kutoka Manassas, anakofanya kazi ghalani, bado na fulana ya kuakisi mwanga. Nilipomweleza alitoka nje. Alirudi macho mekundu, akasema ameulizia, wamempa namba ya simu ya kutoa maoni.

Kesho yake wakaja akina mama wa kikundi na mtori, supu ya ndizi ya mzazi, kwenye chupa ya chai, wamehangaika na ndizi za Walatino mpaka ukakaribia ladha ya kwetu. Walitaka kuimba kidogo kwa ajili ya mtoto, wimbo uleule, kwa kuwa ndio waliokuwa nao. Niliwaambia yeyote atakayefungua mdomo atoke. Nikawasimulia. Mwenyekiti akairekebisha kanga mabegani, akaniambia, "Wacha ku-complain, mama. At least mtoto yuko sawa na wewe uko sawa. Hawa watu wametu-support, wanataka kutupatia ukumbi wa meetings. Tusiwa-embarrass." Rafiki yangu Mkongomani alikuwa amesimama dirishani. Akageuka.

"Donc, kumbe walitudanganya?" akauliza. "Ile siku walisema kama hakuna kitu itabadilika. Na sisi tulicheza."

Mwenyekiti akanimiminia mtori, nao ulikuwa umepoa.

Baada ya pale iliyobaki ni miezi ya woga, na watu hawaisimulii kwa sababu haina damu wala ving'ora. Nilipaswa kupona kwanza ndipo nipasuliwe tena D.C. Vidonge vya kuzuia mimba vilinipandisha presha nikaviacha. Mume wangu alihamia kwenye kochi kwa hiari yake, mtu mzima, miguu inaning'inia. Tulikuwa tunapitana jikoni kwa adabu kama wapangaji. Mara moja nilichelewa kuona siku zangu. Nilinunua kipimo duka la dawa nikakitumia chooni mwao palepale, sikuweza kufika nyumbani, na nilipokaa pale nilianza kupanga nani atachukua mtoto yupi. Mkubwa aende kwa dada yangu Dallas. Wawili wa katikati wasitenganishwe. Huyu mdogo sikupata wa kumpa. Kipimo kikasema hapana. Nilikaa chooni mpaka mtu akagonga.

Jirani yangu, Mwislamu wa Tanga, naye aliomba kufungwa, kwa sababu zake nyingine za kiafya, akaambiwa hapana hospitali ileile. Yeye hakuwahi hata kuingia kanisani isipokuwa kwenye harusi ya Wachaga. Akaniuliza, bila hasira, amri hizo za maaskofu zimempataje yeye. Mimi ningeweza angalau kusema ni za nyumbani kwangu.

D.C. walinipasua mara ya tano. Makovu yalikuwa yameshikamana na kibofu, jambo la dakika chache likawa la asubuhi nzima, na nikarudi nyumbani na mpira wa mkojo. Sikuruhusiwa kumbeba mtoto. Kwetu mtoto akitimiza umri ule anakaa mgongoni, mama anafagia, anapika, anamsikia anapumua kati ya mabega. Binti yangu mkubwa alimbeba kwenye kile kimkoba cha kifuani cha Kimarekani, mimi nikiwa nimelala namtazama. Maziwa yalikauka. Mtori nilikunywa sufuria kwa sufuria, hayakurudi. Daktari kijana wa Kihindi alipopita kunikagua aliuliza kwa mshangao kwa nini hawakumaliza kazi walipokuwa wamenifungua. Nilimwambia aende Bladensburg akaulize.

Nilipopata nguvu nilikwenda hospitali kuomba jambo moja. Nilikuwa na binti yangu mkubwa, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisimama mbele ya picha akasema, "Mommy, you look so pretty." Nikaulizia yule dada wa mahusiano ya jamii. Alishuka mwenyewe, akanikumbatia, akanikumbuka mpaka jina la wimbo. Nikamwambia naomba picha ishushwe, au nikatwe mimi nitoke.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba siku ile kila aliyeingia ukumbini alikuwa amekubali kupigwa picha, ilibandikwa kwenye mlango. Akasema picha hiyo inapendwa sana na wagonjwa, inawafanya akina mama wa Kiafrika wajisikie wako nyumbani. Nikamweleza yaliyonipata, yote, nimesimama pale kwenye ukumbi, na watu wanapita na maua na maputo. Alinisikiliza kweli, machozi yakamlenga. Mwishoni akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Lakini unaonekana una furaha sana," akasema.

Nikamwambia nilikuwa na furaha, na ndiyo sababu naomba ishuke.

Aliahidi kulifikisha juu. Huko juu halijafika mpaka leo, au limefika likakaa. Mwaka huu msichana mpya wa kikundi, ametoka Arusha juzijuzi, ana mimba ya pili, alinipigia simu kwa shangwe kuniambia amekwenda kujiandikisha kwenye hospitali ya masista. Nikamwuliza nani alimshauri pale wakati mimi nipo. Akasema hakushauriwa na mtu, aliingia tu kuangalia, akaniona ukutani, akajua hapa ni kwetu.